Mama Mkwe Alikataa Kunimiminia Kahawa

Usiku ule ulinikuta nimeshalala. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda cha jikoni, kichwa nimekiegemeza ukutani, kikombe cha kahawa kimepoa mapajani. Watoto wangu pacha, Aika na Eliya, walikuwa wamenyamaza kwa pamoja, jambo la nadra kwetu, nami nikasema nifumbe macho kidogo tu.

Watoto walikuwa hawajakaza hata shingo. Mume wangu Elibariki ni dereva wa lori, na safari hiyo alikuwa amepeleka mzigo mbali. Mama yangu mzazi yuko Korogwe, miguu haimruhusu kusafiri. Mama mkwe, ambaye kwa desturi ya huku Machame ndiye angenilea baada ya uzazi, tulikuwa tumemzika mimba yangu ikingali changa. Basi nikajilea mwenyewe, kwa kahawa. Kila asubuhi nilichemsha sufuria nzima, nikaijaza kwenye chupa ya chai, nikashinda nayo, chungu, mpaka jioni. Kupika kunataka mikono miwili, na yangu yote ilikuwa na watoto. Kahawa ilinikata njaa. Nikinywa, nasimama, nikisimama, nafua nepi. Usiku watoto hawalali, wanarusha miguu, wamekodoa macho kama watu wazima wenye mawazo. Kukicha nachemsha tena, ili nipate nguvu ya kuwabeba.

Kliniki nesi alikuwa ameniambia. Eliya hakuwa akiongezeka uzito. Alinifunua kope, akaona damu yangu ni ndogo. "Mama, unakula nini?" aliniuliza. Nikasema nakula. Akanieleza kwamba kahawa nyingi hupita kwenye maziwa, na mtoto mchanga akawa hapati usingizi. Tena nisiinywe pamoja na chakula, maana huzuia mwili kuchukua madini ya kuongeza damu. Nilimsikia. Lakini mtu akichoka kiasi kile, maneno humgonga yakaanguka chini.

Pale kigodani, basi, nikasikia mtu anamenya ndizi.

Sikushtuka. Mama mkwe yupo kwenye mkeka, kisu kidogo mkononi, maganda yanadondoka kwenye ungo. Amenenepa. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Alipotutoka alikuwa mifupa mitupu, kwa kuwa ugonjwa wa koo ulimfungia chakula. Siku za mwisho Elibariki alikuwa akimlowesha midomo kwa kijiko cha kahawa, kitu alichokipenda kuliko vyote, na hata hicho kilimtoka pembeni ya mdomo. Sasa mikono yake imejaa, na bangili aliyozikwa nayo inambana.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

"Nimekaa, Mama."

Akaniangalia. "Hujakaa."

Na kweli, nikijitazama, nimesimama. Jikoni hakupo tena. Tupo kihambani, kwenye shamba la nyumbani, migomba imefunga juu yetu, mibuni imechanua maua meupe yenye harufu kama ya asmini. Nimewabeba watoto wote wawili na ni wazito, wazito kama magunia yaliyolowa mvua, wala sioni pa kuwaweka. Moto unawaka kati ya mafiga. Kando yake pana birika, na harufu ya kahawa inanivuta mpaka mate yananijaa kinywani.

"Nimiminie kidogo tu, Mama. Niamke."

Hakugusa birika. "Unataka kuamka," aliuliza taratibu, "au unataka kulala?"

Nilifungua mdomo nijibu, nikalia. Sikulia kwa sauti. Machozi yalitoka tu yenyewe, kama maji yanavyotoka kwenye bomba lililolegea. Tulipokuwa naye hatukuwa na maneno mengi, mimi na yeye. Mimi ni mtu wa Tanga, yeye alimtakia mwanawe msichana wa huku huku, na hakulificha. Sikumbuki hata siku moja aliyonishika mkono. Lakini pale ananipokea watoto, mmoja huku, mmoja huku, na mara mikono yangu ni mitupu, inaelea.

"Hawa wanakunywa unachokunywa," akasema. "Nani atalala hapo?"

Sikuona alivyopika. Naona bakuli tu, mtori mzito wa ndizi unafuka moshi, nyama imeiva mpaka imechambuka. Ananilisha kwa kijiko kama mgonjwa. Ninameza, na kila tonge linashuka likinipasha joto mpaka nyayoni. Ninakula muda mrefu. Watoto wamelala migombani, kwenye majani makavu. Bakuli haliishi.

Ndipo nikakumbuka adabu. "Na wewe, Mama? Mbona huli?"

Akafuta kijiko kwa pindo la kanga. "Nimeshakula. Mwambie Elibariki nimeshakula. Nimeshiba."

Nikataka kumuuliza zaidi, lakini yuko ng'ambo ya mfereji, anapanda kilima polepole kama mtu anayerudi shamba. Nikaita. Hakugeuka.

Eliya alikuwa akilia. Kikombe kilikuwa kimeanguka, sketi yangu imelowa kahawa, na giza limeingia. Mdomoni sikuwa na ladha ya mtori hata kidogo. Nilimchukua mtoto, nikaenda uani, nikamwita jirani yangu Mama Joshua juu ya ua. Akaitika. Nikasema, "Sijala." Neno dogo hilo, lakini lilinichukua muda kulitoa.

Alikuja na wali, maharage na mchicha, akawachukua watoto, akaniamuru nikae. Sitasema mambo yalinyooka mara moja. Kupunguza kahawa kuliniumiza kichwa vibaya, na watoto walichukua siku kadhaa kabla ya kuzoea kulala. Siku hizi nakunywa kikombe kimoja asubuhi, chakula kikishatulia tumboni, na Eliya ameanza kujaa mapaja.

Ila usiku uleule Elibariki alipiga simu, kama kawaida yake akisimama kupumzika. Tangu mazishi alikuwa hamalizi sahani. Anakula nusu, anaisogeza, anatoka nje. Nilijua sababu, wala hatukuwahi kuizungumza.

"Baba Aika," nikamwambia, "nimemwota Mama."

Nyuma yake nilisikia injini ya lori ikinguruma.

"Alisemaje?"

"Amesema nikuambie ameshakula. Ameshiba."

Injini ilizimwa.

"Rudia," akasema mume wangu.

Nikarudia.