Siku Nilipolipakata Litungu

Baba yangu alikuwa mpiga litungu, ala yetu Wakurya ya nyuzi nane, na mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Sikio lake moja lilikuwa limekufa kabisa, la pili lilikuwa linachagua la kusikia. Kwa hiyo kabla ya kila sherehe, kule kwetu Kemambo, aliniita nimpangie sauti za nyuzi zile nane. Ngozi ikikauka niliipaka samli. Uzi ukilegea niliuzungusha kwenye mti wa juu hadi ulie vizuri. Nikimaliza namkabidhi kwa mikono miwili mbele ya wageni, kisha nakwenda zangu jikoni kupakua ugali wa hao hao wageni.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Msichana aliruhusiwa kulibeba litungu, kulifuta vumbi, hata kulikaza nyuzi. Kulipakata na kuliimbia mbele ya watu, hapana. Walisema atakuwa tasa, na ng'ombe wa mji wataharibu mimba. Mimi nina watoto watatu. Huyu wa mwisho nilikuwa na mimba yake huku nikipiga litungu nimejifungia chumbani, akazaliwa na kilo nne na sauti ya kuamsha kijiji.

Nilijifunza kwa kuiba. Kila nilipoambiwa kulikaza, nilikawia. Baba alikaa nyuma ya ukuta, na kila nilipokosea alikohoa. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, yeye na mimi, mpaka alipofariki. Kaka zangu walisema litungu ni la watoto wa kiume, ingawa hakuna kati yao anayeweza kulitoa sauti hata ya kufukuza kuku. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja siku ya matanga, akalichukua bila kumuuliza mtu, akaenda kulitundika ukutani kwake.

Nikawa mwalimu. Leo nafundisha shule ya msingi huku Nyambureti, wilaya ya Serengeti, na kikundi cha ngoma cha shule ni changu. Shule ilinunua litungu lake, nami nikawafundisha watoto nyimbo, miondoko ya mabega, na jinsi ya kuingia uwanjani. Lakini kila ilipofika siku yenyewe, shule ilimwita mpigaji mwanaume kutoka kijiji cha jirani. Sasa sikiliza maajabu. Huyo bwana nyimbo zetu alikuwa hazijui. Alikuja kwangu siku moja kabla, akaketi sebuleni, nami nikampigia wimbo mara tatu, mara nne, mpaka ukamkaa vidoleni. Kesho yake yeye alikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, mimi nikasimama pembeni nimeshika sweta za watoto. Mgeni rasmi alimshukuru mpigaji wetu mahiri. Mimi nilishukuriwa kwa kuwaandaa watoto na kwa chai.

Miaka minane nilivikwa kilemba hicho cha ukoka. Nilitabasamu, nikasema asante.

Kilichonichosha kabisa ni sherehe ya Siku ya Wanawake ya kata yetu. Tulishona vitenge vya sare. Kulikuwa na wauguzi, walimu, akina mama wa vikundi vya ufugaji wa nyuki, na mabango ya haki sawa kazini. Na wa kutupigia muziki wetu sisi wanawake alikuwa yule yule bwana, maana wanawake hawapigi. Safari hii hakuna aliyekumbuka kumleta kwangu ajifunze wimbo. Basi akaimba aliokuwa anaujua, wimbo wa kumtoa bibi harusi: inamisha kichwa mwanangu, usijibu ukiulizwa, kwa mume hakuna mdomo wa pili.

Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo harusi zote alizopiga maisha yake yote. Lakini sisi! Tulicheza! Wanawake zaidi ya mia tukiwa na sare ya haki sawa tulitikisa mabega kwa wimbo wa kufunga midomo yetu, kwa sababu ulikuwa mtamu. Nilicheza nami beti mbili nzima. Kwenye ubeti wa tatu maneno yakanifikia, damu ikanichemka, nikatoka kwenye mstari. Muuguzi mmoja aliyeletwa kazini kutoka kusini, asiyejua Kikurya, aliniuliza naumwa nini. Nikamtafsiria. Naye akatoka.

Jumatatu yake nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Barua ilikuwa imeshafika kwamba shule zitashindana ngoma ngazi ya wilaya. Nilimwambia safari hii napiga mimi.

Mwalimu mkuu si mtu wa huku. Ametoka mkoa mwingine, ni mpole, na ana ufundi wa kukataa bila kutamka neno hapana.

"Madam," alisema, "uwezo wako hakuna anayeupinga. Ila mimi hapa ni mgeni. Mila zenu siwezi kuziingilia."

"Mgeni wa miaka kumi na moja, Mkuu? Una shamba la mihogo na wajukuu hapa."

Walimu waliokuwa wanasaini kitabu cha mahudhurio walicheka. Kicheko hicho kilimchoma, nadhani, kwa sababu alinyanyuka na kusema kwa sauti ya mkutano:

"Sawa. Niletee mwenye mji mmoja tu wa Kikurya, mwenye boma lake na ng'ombe wake, ambaye amekuruhusu kupiga kwake mbele ya watu. Siku hiyo hiyo nitaandika jina lako kwenye fomu. Ukimkosa, tunamwita bwana yule, na tusisumbuane tena."

Aliketi akiwa ameridhika. Alijua, kama nilivyojua, kwamba litungu hupigwa kwenye mji kwa idhini ya mwenye mji, na kwamba hakuna mzee wa Kemambo wala wa Machochwe huku Serengeti atakayekubali kuchekwa kilabuni kwa ajili yangu. Nilitoka pale nimekasirika. Nitasema ukweli, niliogopa pia. Nikishindwa, ningeshika sweta za watoto mpaka nistaafu.

Nilifika kwa shangazi kule Kemambo Ijumaa jioni, maana Jumamosi kulikuwa na harusi. Hapa lazima nieleze. Shangazi hakujaliwa mtoto. Mume wake alipofariki, alitoa ng'ombe wake akaoa mwanamke wa kumzalia watoto, kama mila yetu inavyoruhusu. Tunaiita nyumba ntobhu. Watoto wa mwanamke yule ni wa mji wa shangazi, wanamwita bibi, na boma ni lake. Sasa kijana wa kwanza wa nyumba ile alikuwa anaoa, na mahari ilitoka kwenye zizi la shangazi. Nimekulia katika mila hiyo nikiiona ya kawaida kama mvua. Sikuwahi kuwaza, mpaka wiki ile, kwamba watu wetu wanaweza kukubali mwanamke aoe mwanamke na aitwe mwenye mji, kisha mbingu zianguke akishika mti na ngozi.

Nilimwamkia, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akichambua mtama.

"Huyo mkuu wenu amesema mwenye mji?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hakutaja kingine?"

"Hakutaja."

Alipuliza makapi, akaniambia niende nikalale, kesho kuna kazi.

Saa sita mchana wageni walikuwa wamejaa uani. Shangazi mwenyewe aliweka kigoda katikati, akaingia ndani, akatoka na litungu la baba. Alinipa mkono kwa mkono. Niliketi, nikalipakata, na uzi wa kwanza nilioupiga ulikuwa umelegea. Ikabidi niukaze pale pale, nikijua kila kipara kilichopo pale kinanitazama.

Mzee mmoja akasimama. Alikuwa shemeji yake shangazi, mdogo wa marehemu mume wake.

"Mnafanya nini hapa?" aliuliza. "Nani amemweka huyu mwanamke kwenye kigoda?"

"Mimi," alisema shangazi. "Shemeji, ng'ombe wa harusi hii wametoka zizi la nani?"

Mzee aliwageukia wenzake.

"Nimekuuliza. Wametoka zizi la nani?"

"Lako."

"Na hicho kiti ulichokuwa umekalia?"

"Chako."

"Basi kaa ule nyama. Au nenda ukakalie cha kwako."

Kuna waliocheka. Mzee hakucheka. Alichukua fimbo yake na kofia yake, akaondoka, na wazee wawili wakamfuata. Siwezi kudanganya kwamba walirudi.

Nami nikapiga. Nilianza na wimbo wa baba wa kusifu ng'ombe, vidole vikapata moto, hofu ikaisha. Kisha nikaimba wangu. Niliwaimba wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo huko Nyamongo na kupewa jina la wasaidizi. Nilimwimba muuguzi anayezalisha peke yake zahanati nzima, kisha kwenye kikao anaambiwa aandike muhtasari. Nilimwimba mwalimu wa ngoma anayeshika sweta. Akina mama wakaanza kupiga vigelegele, kijana bwana harusi akaingia uwanjani na mabega yake, wenzake nyuma yake. Mama mmoja wa ukoo wetu aliniambia baadaye, uso kwa uso, kwamba nimewaaibisha. Nilimwambia aibu hiyo niliibeba miaka minane, sasa tubadilishane. Sikuwa na adabu siku ile. Sijutii.

Jumapili shangazi alivaa viatu vyake vya kanisani akasema twende. Nilidhani ananisindikiza kituoni. Kumbe anakuja Nyambureti.

Jumatatu asubuhi tuliingia ofisini wawili. Walimu waliona, na ghafla kila mmoja akawa na shida ya kusaini kitabu cha mahudhurio.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu mkuu, akimpa kiti.

"Marahaba. Mimi ndiye uliyeniita."

Mwalimu mkuu alinitazama mimi.

"Mwenye mji, Mkuu," nilisema. "Ana boma lake na ng'ombe wake. Nimepiga kwake juzi mchana, mbele ya watu, kwa idhini yake."

Mkuu alikuwa amekaa na sisi muda wa kutosha kujua nyumba ntobhu ni nini, sikuwa na haja ya kumfundisha. Alitazama dirishani, akatazama walimu mlangoni.

"Mimi nilimaanisha mwanaume," alisema mwishowe.

Hilo ndilo neno alilokuwa amelificha chini ya mila zetu miaka yote. Lilipotoka lilikuwa dogo, na lilikuwa lake mwenyewe. Halikuwa letu.

"Hukusema mwanaume," alijibu shangazi, bila hasira. "Ulisema mwenye mji. Mimi nimesafiri kwa neno lako, mwalimu. Nikirudi Kemambo niwaambie halikuwa neno?"

Mwalimu wa darasa la kwanza, dada mtaratibu wa Kiiraqw ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alisema kutoka mlangoni, "Mkuu, sote tulisikia."

Mwalimu mkuu alivuta fomu. Palikuwa na nafasi ya mwalimu wa kikundi na chini yake nafasi ya mpigaji. Aliandika jina langu kwenye nafasi zote mbili, na penye jinsia, mahali ambapo miaka yote alijaza ME, aliandika KE. Aliandika kwa penseli.

"Nitapitishia wino baadaye," alisema. "Wilayani wasije wakawa na neno."

Nilitoa kalamu yangu mfukoni, ile ya kusahihishia madaftari, nikaiweka juu ya fomu. Shangazi naye hakuinuka kitini. Tulisubiri, sisi wawili na walimu mlangoni, mpaka alipopitisha wino mwekundu juu ya kila herufi.