Maji ya Bibi na Kitenzi cha Kiingereza

Nilipokuwa mtoto kule Kilibula, kijiji kando ya ziwa, miaka michache baada ya uhuru, bibi yangu aliamini kwamba risasi haivuki maji ya ziwa yaliyonyunyizwa kuzunguka nyumba. Ukianza kuzunguka, usigeuke nyuma wala usisimame mpaka ufike ulipoanzia. Atakayebaki nje, amebaki.

Asubuhi moja, waasi na askari walipoanza kupigana upande wa bonde la Ruzizi, mama alikuwa akifunga vyombo ili tukimbilie Makobola. Bibi hakumsikiliza. Alichovya tawi katika ndoo ya maji ya ziwa niliyoibeba, tukaanza. Milio ilikuwa ikikaribia. Tulikuwa nyuma ya jiko nilipomwona mdogo wangu Kito uani kwa jirani, akifukuza kuku.

"Bibi, Kito iko inje!"

"Miye naona. Usigeuke. Tembea!"

Hakusimama. Alipinda tu, akapita kwenye uzio, akaanza kuizunguka na nyumba ya jirani huyo, Mama Yozefu, Mrundi aliyetoka bondeni ambaye bibi hakuwa akisalimiana naye. Mama Yozefu alichungulia dirishani.

"Weye mama muzee, leo unamwanga maji mpaka kwangu? Si ulisema kuku zangu ni za wachawi?"

"Ni za wachawi. Kamata mutoto, mulale chini!"

Maji yalikuwa yakiisha. Bibi alinyunyiza matone, akiitukana ndoo, hadi tukafika tulipoanzia. Tulilala kifudifudi mpaka mchana. Risasi zilitoboa mabati ya nyumba zote mbili. Hakuna aliyeumia.

Juzi, nilipompeleka mwanangu kupimwa uzito, nilimsimulia kisa hiki muuguzi Mwingereza wa misheni. Mimi si msemaji, lakini alinisubiri. Akasema lugha yao ina kitenzi ambacho hata wenyewe wengi hawakijui: lustrate. Maana yake ni kutakasa mahali au watu kwa maji au sadaka. Kimetoka Kilatini, Warumi wa kale walizunguka mashamba yao hivyo ili kuyakinga.

Nilifurahi kwamba neno lipo, lakini halikunituliza. Kama maji yalikuwa na nguvu, sijui. Kinachonisumbua ni kwamba, kama Kito asingekimbilia uani kwa jirani, bibi angezunguka nyumba yetu tu, nami ningembebea ndoo, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angemkumbuka Mama Yozefu.