Miti Arobaini ya Bwana Gichuru

Kwa miaka kumi na mmoja Nyamai aliuza miche kando ya reli, mtaani Laini Saba. Aliikuza ndani ya pakiti za maziwa, na kila mnunuzi alielezwa kiu ya mche wake kama anayekabidhiwa mtoto wa watu.

Novemba 2007 Bwana Gichuru, mwenye ploti Kawangware, alimpa kazi kubwa kuliko zote. Alikuwa akijenga kiwanda kidogo cha sabuni, na ili apewe kibali cha kukifungua, aliwekewa sharti: miti arobaini kando ya ukuta, ikinge vumbi, na iwe hai siku mkaguzi wa mazingira atakapofika. Nyamai aliipanda yote. Kuimwagilia pia ilikuwa kazi yake.

Uchaguzi ukaja, na nyuma yake moto. Nyumba zilipoanza kuchomwa Mashimoni, alikoishi, Nyamai aliwachukua wanawe akakimbilia kwao Kitui. Kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Lakini Gichuru alipopiga simu kuuliza, "Miti inakunywa?" alijibu, "Inakunywa, mzee. Niko nayo hapa." Mbuzi akalia karibu. Nyamai akaifunika simu kwa kiganja.

Aliporudi mwisho wa Februari, miti ilikuwa vijiti. Ukaguzi ulikuwa kesho yake.

Alichukua panga, akashuka mtoni, akakata matawi mabichi na kuyachomeka kwenye mashimo yale yale. Kwao ua wa boma hupandwa hivyo: unakata tawi, unalichomeka, mvua ikija linachipua. Alijiambia na haya yatachipua. Lakini kwao huchagua mti wa kuchomeka, na huu haukuwa huo. Alijua.

Shiundu, mlinzi wa mjengo, alimtazama kutoka langoni. "Fundi, unapanda ama unapamba harusi?"

"Nyamaza, Shiundu."

"Mimi nimenyamaza hapa tangu Krismasi."

Asubuhi mkaguzi alifika, mwanamke aitwaye Wanza, viatu vimejaa vumbi. Alikagua mtaro wa maji machafu, akakagua lundo la udongo, kisha akasimama mbele ya miti.

"Kila mjengo niliotembelea wiki hii, miti imekauka. Hii ilipata wapi maji?"

Gichuru alimshika Nyamai bega. "Muulize huyu, madam. Barabara imefungwa, mawe yanaruka, yeye anapita na mitungi yake. Mimi mwenye ploti nilijifungia ndani!"

Wanza akafungua ukurasa mpya. "Jina lako?"

"Nyamai."

"Kila siku naandika makosa ya watu, Nyamai. Leo wacha niandike kitu kizuri."

Kalamu ilipogusa karatasi, uso wa Nyamai uliwaka. Mkono wa Gichuru ulikuwa bado begani, mzito, wa kirafiki. Nyamai alitoka chini yake, akainama, akashika tawi la kwanza na kulivuta. Lilitoka bila kung'ang'ania, ncha yake nyeupe, na alama ya panga. Akavuta la pili. La tatu.

"Nilikuwa Kitui," alisema. "Wakati wote huo nilikuwa Kitui."

Gichuru alimtazama, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, kama aliyeshika kitu kichafu.

Nyamai aliendelea kung'oa, ameinamisha kichwa, hadi langoni. Pale akalivuta la mwisho. Halikutoka. Akafukua kwa vidole na kukuta mzizi, na udongo umelowa, una harufu ya chai. Huu hakuuchomeka jana. Alipofika hapa giza lilikuwa limeingia, akadhani ni tawi alilokwisha kulichomeka, akaupita.

"Ni maji ya kusuuza kikombe tu," Shiundu alisema, kana kwamba anajitetea. "Siku zote hizo za fujo, sikuwa na pa kuyamwaga."

Wanza aliyafuta kwa kalamu maneno aliyoanza kuandika. "Hai, mmoja," alisema akiandika. "Kibali kingoje. Nitarudi mvua ikishanyesha." Kisha akauliza, "Na jina niandike lipi?"

"Shiundu," alisema Nyamai. Alikuwa bado amepiga magoti, akiurudishia mti ule udongo wake.