Kura Tuliyopiga Kanisani

Mwaka 2014, miezi michache baada ya mimi na dada yangu kula kiapo cha uraia, kiherehere kilinipanda. Nilisikia kwamba hapa Louisville, mji wetu mpya ughaibuni, bodi ya shule inachaguliwa na wananchi wenyewe, watu kama sisi wa mtaa wa Beechmont tunaopanda basi kwenda kufunga maboksi ghalani. Ningekaaje kimya? Niliwaalika wagombea watatu wa eneo letu waje kanisani kwetu baada ya ibada, na mkalimani nikawa mimi.

Dada alikaa kiti cha mbele kabisa. Alikuwa na lake moyoni. Mwaka uliotangulia, shule ilimpa karatasi ya Kiingereza, akaona aibu kuuliza, akatia saini. Kumbe alikuwa amekubali mwanawe arudie darasa! Tangu siku hiyo hakuthubutu kusema lolote mbele ya watu wa shule. Basi mgombea mmoja, mwalimu mstaafu, aliposema atapigania kila mzazi aelezwe mambo kwa lugha yake, dada alinibana mkono mpaka nikasahau kutafsiri.

Hotuba zilipoisha, watu wetu walifanya walichokizoea. Kule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka, kiongozi wa zoni, yaani sehemu ya kambi, tulimchagua kwa kusimama nyuma yake. Viti vikasogezwa, foleni zikajipanga. Ya mwalimu ilifika hadi mlango wa jikoni, dada akiwa wa kwanza. Nyuma ya mgombea mwingine walisimama watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa mkewe. Mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipiga picha, nikagawa chai na maandazi, na jambo moja la maana sikulisema.

Siku ya uchaguzi nilipiga kura asubuhi, nikaenda kazini. Saa kumi na moja jioni nikapita kwa dada. Alikuwa anachambua maharage.

"Umepiga saa ngapi?" nikamuuliza.

"Kupiga nini tena? Si nilishamchagua pale kanisani? Hata picha ulinipiga!"

Vituo vilikuwa vinafungwa saa kumi na mbili! Nilimvuta vilevile, kanga kiunoni, tukakimbilia gari, nikimweleza kwamba kura yenyewe ni ya leo. Kila taa nyekundu ilionekana imewekwa kwa ajili yangu. Dada alishika simu, akawapigia wenzetu mmoja mmoja: "Ile ya kanisani haikuwa yenyewe! Tokeni, twendeni!" Nilikuwa nacheka na kujilaani kwa mpigo.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Dada akaingia peke yake na kitambulisho chake. Alikawia huko ndani hata nikaanza kuuma kucha. Alipotoka, uso wote ulikuwa meno.

"Kwenye karatasi ya kura nimejaza kiduara cha mwalimu tu. Wale wengine siwajui."

Nilimkumbatia, tukarukaruka pale kwenye maegesho mbele za watu. Kisha akatulia.

"Mdogo wangu, sasa mwalimu atajuaje kwamba ni mimi? Hakuna aliyeniona."

"Hatajua, dada. Hapa kura ni siri."

Tukaingia garini, akafunga mkanda.

"Basi kesho nipeleke kwake. Wewe utatafsiri, lakini kusema nitasema mwenyewe. Nina mengi ya kumweleza kuhusu mwanangu."