Mtu wa Redio Alituona

Juzi hapa Kitengela niliona maafisa wa mifugo wakimwaga chokaa juu ya ng'ombe waliyekuwa wakimzika, nikakumbuka redio yetu ya zamani.

Nikiwa msichana mdogo, tulikaa nje ya mji wa Kajiado. Alasiri moja ng'ombe wetu mwekundu alianguka ghafla akafa, na baba akaanza kunoa kisu ili nyama isiharibike. Yeyo, mama yetu, alikuwa ameshawasha moto na boma lilinuka moshi. Mimi nilikuwa kando ya redio, nikisikiliza kile kipindi cha elimu nilichokipenda.

"Mnyama akifa ghafla," mtangazaji alisema kwa upole, "na damu nyeusi ikimtoka puani bila kuganda, usimpasue. Huo ni ugonjwa wa kimeta, na unaua watu."

Niligeuka kumtazama ng'ombe. Damu ilikuwa ikimtoka puani, nzi wameifunika.

"Baba, wacha," nikasema. "Mtu wa redio anatuona. Anasema tutakufa."

Baba alisikiliza mpaka kipindi kikaisha, kisu kikiwa mkononi. Kisha akamwambia yeyo azime moto, akakimbia kwa jirani, ambaye ng'ombe wake alikuwa amekufa jana yake. Aliwakuta wameshakula nyama yake. Wiki hiyo tulimzika mzee wao.

Leo najua vipindi vile vilirekodiwa mapema, na yule bwana hakutujua kabisa. Lakini siku ile, tukitoka mazikoni, nilimuuliza baba kwa nini mtu wa redio hakuwaonya majirani pia.

"Hawana redio," akasema.