Handibreki na Mama Mkwe

Handibreki ya pikapu yangu ilikuwa imelegea kiasi kwamba niliivuta kwa mazoea tu, kama mtu anayemsalimia jirani asiyeitikia. Nikiegesha, nililiacha gari kwenye gia lisiserereke, maisha yakaenda. Kisha mke wangu akajifungua mtoto wetu wa kwanza hapa Bariadi, akaniagiza nikamlete mama yake kutoka Mwandoya aje amlee.

"Kaza hiyo handibreki kwanza," akasema. "Mama akiogopa akashuka njiani, habembelezeki. Nitabaki na kichanga peke yangu, na wewe hata uji hujui kupika."

Uji najua, ila sikubisha. Mama mkwe mwenyewe hakuwahi kunikubali sana. Kwa miaka miwili aliniita "yule wa Bariadi", utadhani Bariadi kuna mwanamume mmoja.

Basi nikajitia fundi. Nikaingia chini ya gari na spana, nikakaza nati ya waya wa breki mpaka mkono wa handibreki ukawa mgumu. Kuna nati ya pili, kazi yake kuibana ile ya kwanza isilegee. Ilikuwa imeshika kutu, na ugali ulikuwa tayari mezani. Nikaiacha.

Kwetu Wasukuma, mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega. Hampeani mikono, hamtazamani usoni, na mkikutana njiani mmoja anakwepa. Kwa kawaida angepanda nyuma kwenye bodi, lakini goti lilikuwa linamsumbua. Nilipofika Mwandoya, alivyotatua jambo hilo sitasahau: alitundika kitenge katikati ya kabini, kutoka juu mpaka chini. Sasa handibreki ya gari langu iko katikati ya viti. Kitenge kikaimeza yote, ikawa upande wake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama yangu huyo, macho kwenye kioo cha pembeni.

"Mwangaluka, baba," kikaitikia kitenge.

Tukaondoka. Barabara ilitutikisa mpaka meno yakagongana, na kumbe kila mtikisiko ulikuwa unafungua ile nati yangu. Tulipokuwa tunapanda kutoka kwenye korongo moja upande wa Itilima, nikasikia kishindo. Mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa alivyomletea bintiye, ulikuwa umeanguka barabarani.

Mtu mwenye akili angezima gari na kuliacha kwenye gia. Mimi nilitaka mama mkwe asikie handibreki iliyokazwa na mwanamume. Nikaliacha linaunguruma, nikatoa gia.

"Mayu, samahani, naingiza mkono."

Kitenge kikasogea kidogo. Nikavuta, kra kra kra, nikashuka kifua mbele.

Nimeinamia mfuko, nikasikia changarawe zikisagika. Kuinua kichwa, naona pikapu inakuja kinyumenyume, taratibu kabisa, mama mkwe yumo ndani.

"Mayu, vuta!"

Kitenge kikaanguka. Kupitia kioo cha nyuma nikamwona anavuta kwa mikono miwili, mpaka mwisho. Gari halikujali. Nikausukuma mfuko nyuma ya tairi, nikaruka pembeni. Michembe ikasagika, gari likasimama.

Niliwaza ningemwambia nini mke wangu. Mama mkwe akashuka akichechemea, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, kanipa mgongo. Nilijua sasa ataniuliza basi la kurudi Mwandoya linapita saa ngapi.

"Spana unayo?" akauliza.

"Ninayo, mayu."

"Lisogeze gari mahali tambarare."

Marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori la pamba, na kila msimu yeye ndiye aliyemshikia spana. Hilo mke wangu hakuwahi kuniambia, na mpaka leo namlaumu.

"Umeanza na waya, sivyo?" ukauliza mgongo. "Waya ni wa mwisho. Anza na magurudumu. Piga jeki, ingiza bisibisi kwenye lile tundu la nyuma, kaza breki kwa ndani mpaka gurudumu lianze kukwaruza."

Nikafanya hivyo, nimelala kwenye vumbi.

"Limekwaruza, mayu."

"Lizungushe nisikie." Akasikiliza, bado kanipa mgongo. "Hapo. Sasa la pili."

Nikamaliza la pili, nikakaza waya.

"Na nati ya pili?"

Nikajifanya napangusa spana.

"Nimeuliza nati ya pili."

"Ina kutu, mayu."

"Na wewe una mikono."

Niliifungua, nikaisugua, nikaikaza mpaka vidole vikachubuka. Nilipomaliza akaamuru turudi kwenye mlima ule ule. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Yeye akapanda, akaniambia nitoe gia, nishuke.

"Mayu, acha nikae mimi ndani."

"Kama umekaza, unaogopa nini?"

Nikatoa gia, mguu ukiwa bado kwenye breki. Akavuta mwenyewe, akihesabu kwa sauti milio ya handibreki, mpaka sita. Nikaachia breki ya mguu, nikashuka. Gari halikugusa hata lile jiwe.

"Haya, twende," akasema, akaanza kutundika kitenge chake.

Tulifika Bariadi alasiri, nimejaa vumbi na grisi mpaka masikioni. Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto. Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, na nikaona uso umeanza kubadilika.

"Mbona mmechelewa hivi? Handibreki ulikaza kweli?"

Nilifungua mdomo nikiri. Mama mkwe akanitangulia.

"Inashika vizuri. Nimeijaribu mwenyewe."

Akanawa mikono, akampokea mtoto, akaingia ndani. Siku arobaini alizokaa nasi hakuongeza neno lingine juu ya safari ile. Mimi nilirudi nje nikajifanya nakagua tairi, nikalia kidogo.