Kizingo cha Kondo

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, nayo ni siku mgeni alipokuja nyumbani kwangu akiwa amejiletea maji ya kunywa. Wewe utaona si kitu, maana nyinyi wa siku hizi mnatembea na chupa zenu mikononi hata mkienda msibani. Zamani zile, huku kwetu Vihingo, mgeni akifika unampa kigoda, halafu unamletea maji katika kata. Akiyakataa, amekwambia neno. Sasa huyu alikuja na mtungi wake mdogo kichwani, akautua mlangoni kwangu, na mtu mwenyewe alikuwa Bibi Chausiku, mkubwa wa mto.

Ngoja kwanza nikueleze huo ukubwa wa mto ni cheo gani, ndipo utajua kwa nini nilishtuka.

Mto wetu, Nyambwe, haukuwa mto wa kutisha. Wakati wa kiangazi uliweza kuuvuka bila kukunja nguo. Lakini ulikuwa unakunjakunja kama mtu anayekwenda asikotaka kufika, na kila ulipokunja tulipaita kizingo, na kila kizingo kilikuwa na watu wake. Kabla ya mvua za vuli watu walitoka wakaufungua mto: wakakata matete, wakazoa tope kwa makapu, wakaondoa magogo. Hakuna aliyelazimishwa na jumbe wala aliyelipwa. Wa msikitini walikuja, na wa kanisani walikuja. Mkifika kwenye kizingo, mwenye nacho hutia jembe lake majini kwanza, kisha husimulia: nani alilala hapa siku ya kwanza alipotoka Uluguru, nani alizaliwa hapa, nani alizama. Habari za mto zilikaa vinywani mwa watu, na Bibi Chausiku ndiye aliyesikiliza kama zimekaa sawasawa. Ukikosea jina la babu yako, alikukatiza mbele ya kadamnasi, na mwaka mzima watu wakakucheka.

Kulikuwa na sharti. Mwenye kizingo akisafiri, ndugu yake humshikia, na mkono wa mtu baki hauingii pale. Mwenyewe akifa, ndipo mtu baki huitwa ashike nafasi yake, afungue kizingo pamoja na ndugu waliobaki, ili pengo lisikae wazi. Huyo anayeitwa husimuliwa habari zote, naye huzirudia mbele ya watu, na akirudia hasemi "wao". Husema "sisi". Kwa hiyo ukimwona mtu baki na jembe katika kizingo cha fulani, unajua fulani amekufa, huna haja ya kuuliza.

Kizingo chetu sisi kilikuwa cha kaka yangu Kondo. Baba na mama walikuwa wamekwisha kutangulia. Kondo alizaliwa wakati Mjerumani na Mwingereza wanapigana, ndiyo maana wakampa jina hilo, kwani kwetu kondo ni vita. Akakua, na vita vya pili vikamchukua. Alikuwa mrefu, mcheshi, mvivu wa jembe asiyeona haya, na mimi sikuwa na mtu mwingine duniani. Niliolewa Kibuta, ndoa haikukaa, nikarudi kwake, naye hakuniuliza hata swali moja. Aliniambia tu, "Kile chumba chako kinavuja, tukitengeneze." Ndugu wa hivyo, mwanangu, hawapatikani kila siku.

Asubuhi aliyoondoka kwenda uaskari aliniita pale mtoni. "Mdogo wangu, nishikie kizingo," alisema. "Nikirudi nikute maji yanapita."

"Nenda salama, kaka," nikamjibu. Nilidhani tutapata nafasi ya kusema zaidi, lakini lori lilikuwa linangoja barabarani.

Vita vikaisha. Wengine wakarudi na makoti yao mazito na mabuti, na kila nikisikia askari amerudi, hata awe wa mbali, nilifunga safari kwenda kumwuliza. Mmoja alisema alimwona melini. Mwingine akasema yule alikuwa Kondo mwingine. Habari ya hakika haikuja, ya kufa wala ya kupona. Nikawa napika chakula cha watu wawili, nakula cha mmoja, kinachobaki nawamwagia kuku. Kuku wangu walinenepa, mimi nikakonda, na jioni nilizungumza na mlango. Nakwambia hivi bila aibu, kwa kuwa najua hata mjini kuna watu wanaozungumza na milango yao.

Ikifika siku ya kufungua mto, mimi nilitangulia jana yake. Nilikifungua kizingo cha Kondo peke yangu ili mtu asipate sababu ya kukigusa. Mwanzoni watu walinihurumia, wakakipita kwa heshima. Lakini mkono mmoja haulei mwana, na wala haufungui mto. Masika moja mkuyu mkubwa uliokuwa ukingoni uling'oka, ukalala katikati ya kizingo. Nilikata matawi kwa panga hadi viganja vikachubuka. Gogo lenyewe hata halikutikisika. Tope likajaa nyuma yake, matete yakaota juu ya tope, na maji yakaanza kutafuta njia nyingine.

Wanaume wakaja na mashoka na kamba. Nikaingia majini, nikasimama mbele ya gogo.

"Mwenyewe yuko safarini," nikawaambia. "Akirudi atalitoa."

Wakatazamana. Nani atamwambia mwanamke kwamba kaka yake hatarudi, ilhali hata msemaji mwenyewe hana hakika? Wakabeba mashoka yao wakaondoka, na mimi nikarudi nyumbani najiona shujaa.

Chini ya kizingo chetu aliishi mtu anayeitwa Maganga, Mnyamwezi. Alikuja kukata mkonge upande wa Kibaha, na kazi ilipomchosha hakurudi kwao. Aliomba kipande cha ardhi kwa jumbe, akapanda migomba na mpunga. Hakuwa na mke wala ndugu huku. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo alipopita mlangoni kwangu alinichokoza kama ilivyo haki yake. "We Mzaramo, umeuficha mto uvunguni? Utoe, tumeona kiu." Sikumjibu. Mtani asiyejibiwa ametukanwa, nami nililijua hilo. Basi akawa anapita kimya, na mpunga wake ukakauka.

Sasa turudi kwa Bibi Chausiku na mtungi wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete kata."

Nikaleta. Akamimina maji kutoka kwenye mtungi aliokuja nao, akanipa mimi. "Kunywa."

Yalikuwa mekundu kwa tope, yananuka majani yaliyooza. Nikanywa, maana mkubwa akikwambia kunywa unakunywa, na kila funda nililimeza kwa shida.

"Hayo ni ya huko chini," akasema. "Watoto wa huko wanayanywa asubuhi na jioni. Nikaona nawe uyaonje, kwa kuwa ni wewe unayewagawia."

Uso ukaniwaka. Nilijua napaswa kuomba radhi, lakini kilichonitoka kinywani kilikuwa kile nilichokificha miaka yote. "Bibi, nikiwaachia watu waingie, nitakuwa nimemzika kaka yangu."

Akaniondolea ile kata mkononi, akaiweka chini.

"Mjukuu wangu, wewe umemzika zamani," akasema. "Umemzika peke yako. Bila matanga, bila dua, bila mtani wa kumcheka, kama mtu asiye na kwao. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hebu niambie, Kondo alikuagiza uzuie maji?"

"Aliniambia akirudi akute maji yanapita."

"Basi umejijibu."

Akainuka, akajitwisha mtungi wake, akaenda zake polepole kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Hakugeuka kuona kama nalia. Nililia, mwanangu. Nililia mpaka jirani yangu akaja kuuliza kama kuna nyoka.

Jua lilipopunguza ukali nilikwenda kwa Maganga. Nilimkuta anapalilia migomba iliyobaki. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakapotea.

"Mtani," nikasema, "kaka yangu amekufa. Njoo ushike nafasi yake kizingoni."

Aliweka jembe chini. Wenye ukoo mkubwa walikuwapo, na wenye majina walikuwapo, lakini nilimchagua yeye kwa kuwa mtani ndiye anayeweza kumshika maiti wa mwenzake bila kuogopa, na kwa kuwa naye alikula chakula chake peke yake. Maganga akasema, "Pole sana, dada." Hakutania hata kidogo, ndipo nikajua amelichukua jambo hilo kwa uzito.

Siku ya kufungua mto watu walikuja wengi kuliko kawaida, maana habari kama hizo zinatembea. Nilitia jembe majini nikaanza kusimulia. Nilimtaja babu yetu aliyelala pale usiku wa kwanza, na mama aliyenizaa mimi wakati mto umefurika, na Kondo, urefu wake, mzaha wake, uvivu wake wa jembe. Nikasema aliondoka hapa kwenda vitani. Hapo nikakwama. Bibi Chausiku, ambaye hakuwahi kumngoja mtu, alisimama ukingoni akaningoja. Mwishowe nikalitoa lile neno: hakurudi.

Ikawa zamu ya Maganga kurudia. Akavuliwa kofia na upepo, akaiacha iende. "Sisi tulitoka Uluguru," akaanza kwa Kiswahili chake cha bara, na watu wakaguna kwa kicheko, eti Mnyamwezi yule mweusi wa Unyanyembe katoka Uluguru. Yeye hakujali. Alimtaja babu bila kukosea. Alimtaja mama. Kisha akasema, "Kaka yetu Kondo alikuwa mrefu na mcheshi, na jembe aliliogopa kuliko nyoka. Alipoona gogo hili linakaribia kuanguka akaona heri akimbilie vitani."

Watu waliniangalia mimi. Na mimi, mwanangu, nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kwa sababu ilikuwa kweli, hivyo ndivyo alivyokuwa, na tangu aondoke hakuna aliyemtaja mbele yangu kama mtu. Walimtaja kwa kunong'ona kama ugonjwa. Wote wakacheka. Katikati ya kicheko kilio kikanishika, wanawake wakanipokea, wakanikalisha kwenye nyasi, wakalia nami. Yale ndiyo yaliyokuwa matanga ya kaka yangu, miaka mingi baada ya siku yake, popote alipolala.

Maganga alingoja tutulie. Kisha akamalizia kwa sauti ya chini: "Kaka yetu hakurudi. Dada yetu yuko hapa."

Ndipo wakafunga kamba kwenye gogo, wakavuta mpaka likatoka na maji yakapita.

Sasa usidhani nakudanganya kwamba upweke uliisha siku ile. Usiku nilirudi kwenye nyumba ileile, na kile chumba cha kaka kilikuwa kitupu vilevile. Maganga hakunioa, usitabasamu. Alipata mke wake baadaye, naye aliniita dada mpaka tulipomzika. Lakini nilianza kupima unga wa mtu mmoja. Na jioni nyingine mtu alibisha hodi, tukakaa tukamsengenya Kondo. Leo Bibi Chausiku hayupo, Maganga hayupo, wanangu niliowazaa nilipoolewa tena wako Dar na Picha ya Ndege kule Kibaha, wanakimbizana na riziki, na nyinyi vijana mnakuja kufungua mto na mabuti ya mpira, mnapigana picha kabla hata hamjaloana. Sikasiriki. Mmekuja wenyewe bila kuitwa, na hilo si dogo. Mnakuja kwangu mkiniuliza majina ya vizingo, na mimi siku hiyo nanywa chai mara mbili kwa furaha.

Basi shika haya, mwanangu. Mto hauhifadhiwi kwa kuuzuia watu wasiuguse, na marehemu halindwi kwa kufichwa. Ukiwa na kidonda, usisimame mbele yake na panga. Waite watu waje na kamba. Usione haya kumwita mgeni, maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nami niliponea kwa mgeni. Unapozoa tope mahali, uliza nani alikuwa hapa, nawe ulitaje jina lake kwa sauti, pamoja na kasoro zake, kwa kuwa mtu asiye na kasoro husahaulika upesi. Na ukijua mtu anakula peke yake, usimwonee huruma kwa mbali. Mbishie hodi.

Nenda sasa, jua linazama na njia ya Kisarawe ina utelezi. Mungu akulinde uendako na akurudishe. Akupe mikono ya watu wakati wa kazi, na mikono ya watu wakati wa kulia, na asikuache ukamlilia mtu wako peke yako. Amin.